Kabla Hatujavaa Tisheti za Matembezi, Tutembee Thika Road Kwanza

Oktoba ina tarehe mbili ambazo sisi Wakenya hatuzitaji pamoja. Tarehe 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, inayoadhimishwa tangu 1992. Tarehe 14 ni KDF Day, siku ya kukumbuka wanajeshi wetu walivyovuka mpaka kuingia Somalia mwaka 2011. Katikati kuna siku tatu tu. Tarehe 10 tunaambiana tuongee, tusikae na mambo moyoni. Tarehe 14 tunaweka picha za vifaru na bendera. Yule askari wa picha ya tarehe 14 hayumo kwenye mazungumzo ya tarehe 10, ni kama akili yake aliiacha kwa geti la kambi siku ile aliandikwa.

Matembezi ya hisani tumeyazoea. Kuna Mater Heart Run ya watoto wenye shida za moyo, kulikuwa na Beyond Zero ya akina mama wanaojifungua, na kila shule na kanisa lina yake. Unalipia tisheti, unatembea asubuhi, unapewa maji, unapiga picha, unarudi nyumbani ukiwa umechoka vizuri. Sina ubaya na hiyo. Kwa hivyo nikisikia watu wanaongea kuhusu matembezi ya afya ya akili ya wanajeshi, nafurahi. Halafu najiuliza: tutakuwa tunatembea tukijua nini?

Juu ukweli ni kwamba askari wa Kenya ametembea zaidi ya miaka mia moja akiwa na vita kichwani, na historia yake imepangana kando ya barabara yetu. Ukitoka Kariokor pale Nairobi mpaka Thika ni kilomita arobaini na kidogo. Kila ukitembea kipande unapita mahali ambapo hii nchi iliwahi kuulizwa swali moja: mtu akirudi kutoka vitani, anarudi na nini? Kila mara tulinyamaza au tukajibu vibaya. Hebu tutembee.

Kariokor

Hili jina ni Carrier Corps iliyopita kwenye midomo ya wazee wetu. Dar es Salaam wana Kariakoo, jina ni lile lile. Mwaka 1914 Waingereza wa upande huu na Wajerumani wa Tanganyika walianza kupigana. Barabara hazikuwepo, farasi na ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa mbung'o, kwa hivyo mzigo wa vita ulibebwa na vichwa na mabega ya watu. Chakula, risasi, mitungi ya maji, mpaka vipande vya mizinga. Mwaka 1917 likaja zoezi kubwa la kukusanya wanaume, msimamizi wake akiwa John Ainsworth. Machifu waliambiwa walete watu na watu wakaletwa, wengine kwa nguvu. Wengi waliokufa hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria, nimonia, na chakula ambacho matumbo yao hayakuzoea.

Reli ilikuwa imefika Thika mwaka 1913, mwaka mmoja tu kabla ya hivyo vita. Kitabu kinachojulikana zaidi duniani kuhusu mji wetu, kile cha Elspeth Huxley kilichotoka 1959, kinasimulia utoto wake kwa shamba la wazazi wake hapa na kinaishia vita vikianza. Hadithi ya walowezi inafungwa hapo. Ya mababu zetu ndiyo kwanza inafunguka, na hiyo haijaandikiwa kitabu ambacho dunia inakijua.

Sasa angalia kilichokuwa kinaendelea Ulaya wakati huo huo. Mwaka 1915 daktari wa jeshi la Uingereza, Charles Myers, aliandika kwenye jarida la kitabibu kuhusu wanajeshi waliokuwa wanatetemeka, wanapoteza kumbukumbu, hawaoni wala kunusa vizuri, na miili yao haina jeraha. Hali hiyo ikaitwa mshtuko wa makombora. Si kwamba waliwahurumia wote. Wanajeshi 306 wa Uingereza na himaya yake walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama kutoroka na uoga, na ilichukua mpaka 2006 kwa bunge la Uingereza kuwasamehe. Lakini angalau mjadala ulikuwepo. Wadi zilikuwepo. Mwaka 1919 lilianzishwa shirika la kuwasaidia waliorudi wakiwa wameumia akili, na mpaka leo lipo, linaitwa Combat Stress.

Mpagazi wa Kariokor hakufunguliwa faili. Alirudi kijijini, kama alirudi, na alichokuta ni desturi. Jamii zetu nyingi zilikuwa na njia ya kumpokea mtu aliyemwaga damu au kugusa maiti. Kwa Wakikuyu mtu kama huyo alikuwa na thahu, na mundu mugo alimtakasa kwa tatha, yale majani ambayo bado hayajasagika kwenye tumbo la mbuzi au kondoo, mpaka "akatapika" ule uchafu. Sisemi hiyo ilikuwa tiba ya kila kitu. Mtu ambaye amekaa miaka miwili Tanganyika akizika wenzake kando ya njia, sidhani mbuzi mmoja angemtosha. Lakini ile desturi ilijua kitu kimoja ambacho serikali haikujua: kwamba mtu hatoki vitani akaingia jikoni moja kwa moja. Kuna mlango katikati, na kuna mtu anasimama kwa huo mlango kumsaidia kupita.

Mwaka 1928 ikawekwa sanamu pale ambapo leo ni Kenyatta Avenue. Wanaume watatu wa shaba: askari wa KAR, mpiganaji wa kikosi cha Waarabu, na mpagazi. Jina la mtu hata mmoja halipo. Na si bahati mbaya. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukubali kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakitumikia Uingereza katika vita vya kwanza vya dunia, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti ilisema idadi inaweza kufika 350,000. Tofauti ya kati ya hizo namba mbili ni zaidi ya watu laki mbili. Watu laki mbili ni mji mzima. Ndivyo inavyokuwa mtu asipohesabiwa: hata akija kuombwa msamaha, hakuna anayejua ni wangapi wa kuombwa.

Mathari

Toka Kariokor, pita Pangani, uanze Thika Road yenyewe. Kabla ya Muthaiga kukolea, kuna hospitali ambayo tumegeuza jina lake kuwa tusi. "Wewe ni wa Mathari." Umeshaisikia. Labda umeshaisema.

Ilifunguliwa 1910 mahali palipokuwa pa kutenga wagonjwa wa ndui. Wagonjwa waligawanywa kwa rangi, wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Kuanzia 1938 mpaka 1950 iliendeshwa na daktari anaitwa J. C. Carothers.

Katika hiyo miaka ndipo vita vya pili vya dunia viliingia. Wanaume karibu laki moja walitoka Kenya kwenda kutumikia jeshi la Mwingereza. Walipigana na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia, halafu wakapelekwa Burma. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwa matope na mvua ya msimu ikiwafukuza Wajapani. Wengine hawakufika hata huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa muda wa dakika chache na watu karibu 1,300, wengi wao wanajeshi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki.

Waliobaki hai walirudi wakapewa malipo ya kuagana na jeshi. Malipo yalipangwa kwa rangi: mzungu wa cheo sawa angeweza kupata mara tatu ya Mwafrika. Mmoja wa waliorudi kutoka Burma alikuwa Waruhiu Itote. Alikuja kuwa General China wa Mau Mau, na kitabu chake kinaonyesha maswali aliyotoka nayo Burma: nilikuwa nampigania nani, na kwa nini?

Sasa serikali ya kikoloni ilipoona vijana wanaingia msituni, ilitafuta mtaalamu wa akili awaeleze ni nini kimewapata. Ikamtafuta Carothers. Mwaka 1953 alikuwa ameandikia Shirika la Afya Duniani kitabu akilinganisha akili ya Mwafrika na ya mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Soma hiyo tena polepole. Mwaka 1954 akaandikia serikali ya Kenya kijitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau, akaunga mkono watu kukusanywa kwenye vijiji vya lazima. Watu wa Kiambu na Murang'a mnajua hivyo vijiji. Cucu zetu waliishi ndani, na mtaro umechimbwa kuzunguka.

Nataka uone kosa lilipo. Watu waliokuwa wamenyang'anywa mashamba, wengine wametoka vitani wakalipwa makombo, wanasema wamechoka. Daktari anasema shida ni jinsi akili yao ilivyoumbwa. Kwa hivyo mara ya kwanza dawa ya akili ilipoingia kwenye mambo ya vita katika nchi hii, ilikuja upande wa mwenye bunduki. Frantz Fanon alimjibu Carothers kwenye kitabu chake cha 1961. Fanon mwenyewe alikuwa daktari wa akili huko Algeria wakati wa vita vyao na Wafaransa, na alitibu pande zote: walioteswa, na pia askari waliotesa na kurudi nyumbani wakapiga wake na watoto wao. Alichokiona ni kwamba vita haviulizi uko upande gani. Aliyefanya na aliyefanyiwa, wote wanaenda nyumbani navyo.

Kwa hivyo mtu wa umri wa babu yako akikataa kata kata kwenda kuonana na daktari wa akili, usikimbilie kusema ni ushamba. Kuna kumbukumbu hapo.

Kahawa

Songa mbele, pita Roysambu na Githurai, ufike Kahawa. Wanafunzi wa KU wengi hawajui kwamba wanalala kambini. Mahali pale palikuwa Templer Barracks, kambi ya Waingereza iliyopewa jina la Gerald Templer, jenerali aliyeongoza vita vya msituni huko Malaya. Mwaka 1965 ilikabidhiwa serikali ya Kenya ikawa Kenyatta College, na 1985 ikawa chuo kikuu kamili. Mimi napenda hiyo hadithi, ni moja ya mara chache kambi imegeuka darasa. Lakini jeshi halikuondoka Kahawa. Kambi ya Kahawa ipo mpaka leo.

Na ukikata upande wa pili kuna Kamiti. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali ya Moi. Jaribio lilizimwa siku hiyo hiyo. Hezekiah Ochuka aliyeliongoza alinyongwa Kamiti mwaka 1987. Jeshi lote la anga lilivunjwa na wanajeshi wake wakakusanywa gerezani, wakiwemo ambao siku ile walikuwa wanafuata amri tu au hawakujua kinachoendelea. Wengine waliteswa. Miaka mingi baadaye baadhi yao walienda mahakamani na mahakama ikakubali kwamba haki zao zilivunjwa.

Kwa nini nataja hao? Kwa sababu wakati wa 1982 dunia ilikuwa tayari ina jina la hicho kitu. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani, wakisukumwa sana na waliotoka vita vya Vietnam, waliandika rasmi kwenye mwongozo wao hali inayoitwa PTSD. Kwa maneno yetu, ni kiwewe kinachokataa kuisha. Kitu kimepita lakini mwili haujaambiwa. Usiku hulali, au unalala na ile siku inarudi yote. Boda ikilipua eksozi unajikuta chini ya meza. Unakwepa watu, unakwepa maeneo, hasira inatoka kwa kitu kidogo, na pombe inaanza kuwa ndiyo dawa pekee inayofanya kazi haraka. Mimi si daktari na sina digrii, lakini hizo dalili ukizisoma mara moja utatambua mtu mtaani kwenu. Kila mtaa una yule afande aliyestaafu ambaye watoto wanamuogopa na watu wazima wanasema tu "huyo ni mlevi". Sisemi wote wana PTSD. Nasema hakuna mtu amewahi kumuuliza.

Ruiru

Ruiru tunaijua kwa nyumba za kupanga, vumbi na foleni. Lakini pia ni mji wa sare. Chuo cha askari magereza kiko hapa. Kikosi cha Recce cha GSU kina kambi yake hapa. Tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa na watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi, hao wa Recce ndio waliokuja kumaliza ule mkasa. Wao si jeshi, ni polisi. Lakini hebu fikiria macho ya mtu aliyeingia kwa zile hosteli jioni ile, simu za waliolala pale zikiendelea kuita, mama anapiga, mama anapiga. Halafu wiki ijayo huyo mtu yuko kwa matatu ya Ruiru, ameketi karibu na wewe, na kondakta anamgombeza juu ya shilingi kumi.

Thika

Tumefika nyumbani. Barabara yenyewe ilizinduliwa na Kibaki kama superhighway mwezi wa Novemba 2012, na sisi wote tulipiga picha. Lakini angalia ramani inasema nini baada ya hapo. Barabara ya A3 inaanzia hapa Thika, inapita Mwingi, inafika Garissa, inaenda mpaka Liboi kwa mpaka wa Somalia. Ile barabara unayopandia matatu ya Makongeni ndiyo hiyo hiyo, ukiendelea bila kukunja unafika vitani. Na mji wenyewe una kambi ya wahandisi wa jeshi, na wahandisi katika vita kama vya Somalia ndio watu wa kushughulika na mabomu yaliyofukiwa barabarani. Huo ni utembeaji ambao sisi hatuujui: kila hatua ni swali.

Oktoba 2011 ndiyo Operesheni Linda Nchi ilianza. Mwaka uliofuata wanajeshi wetu wakaingizwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, na mwisho wa Septemba 2012 wakaingia Kismayo. Wengi wa rika langu tulikuwa shule ya msingi. Tulikua na hii vita kama watu wanavyokua na redio ya jirani: ipo, inasikika, huisikilizi.

Halafu tarehe 15 Januari 2016 alfajiri, al-Shabaab walivamia kambi yetu ya El Adde katika eneo la Gedo. Wengi waliokuwa pale walitoka kikosi cha 9 Kenya Rifles cha Eldoret. Siku kumi na mbili baadaye kulikuwa na ibada ya kumbukumbu pale Moi Barracks, na Rais Uhuru Kenyatta alisimama pamoja na Rais Buhari wa Nigeria na Rais Hassan Sheikh wa Somalia. Rais wa Somalia baadaye alisema kwenye televisheni kwamba waliokufa walikuwa kati ya 180 na 200. Kenya ilikataa hiyo namba. CNN ilichunguza ikapata 141. Serikali yetu yenyewe haikutoa namba. Mwandishi Yassin Juma alikamatwa mwezi huo huo kwa sababu ya mambo aliyoandika mtandaoni kuhusu lile shambulizi. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, Kulbiyow ikavamiwa, na mabishano ya namba yakaanza tena.

Sasa unaelewa kwa nini nilianzia Kariokor. Mwaka 1917 hawakuandika majina kwa sababu waliona mpagazi si mtu wa kuandikwa. Mwaka 2016 serikali ni yetu, bendera ni yetu, marehemu ni wetu, na bado familia zinahesabu peke yao.

Najua jibu. Jeshi lina siri, adui anasoma, ukitaja idadi unampa adui furaha. Siku ya kwanza, sawa. Wiki ya kwanza, sawa. Lakini miaka kumi baadaye, hiyo siri inamlinda nani? Adui alikuwa pale, alihesabu, akapiga na video. Asiyejua ni mama wa Kiganjo na mke wa Witeithie.

Na hapa ndipo akili inaingia. Mtu aliyenusurika kwenye tukio ambalo nchi yake haitaki kulitaja kwa kipimo chake, atamwambia nani? Akisema usiku anaona wenzake, anaulizwa wenzake gani, wangapi? Ukimya wa juu unashuka chini. Mkubwa akinyamaza, mdogo naye anajua kunyamaza ndiyo kazi.

Halafu kuna mambo ya kawaida ya kazi ambayo raia hatuyafikirii. Askari akisema kichwa hakiko sawa, kitu cha kwanza kinachoweza kuondoka mkononi mwake ni bunduki, na bunduki ndiyo kazi. Cha pili ni nafasi ya kwenda misheni, na marupurupu ya misheni ndiyo plot, ndiyo karo ya mtoto. Na katika sheria za kijeshi, kujifanya mgonjwa ili ukwepe kazi ni kosa. Sasa mguu uliovunjika unaonekana kwa eksirei. Usiku usio na usingizi unaonekana wapi? Kwa hivyo anakaa kimya, anaenda misheni ya pili, anarudi na mizigo miwili.

Nchi ambazo zimehesabu zimeona kitu cha kuogofya. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani walikadiria kwamba wanajeshi na waliostaafu zaidi ya 30,000 waliotumikia vita vya baada ya Septemba 2001 walikuwa wamejiua. Waliouawa kwenye operesheni za vita zenyewe walikuwa kama 7,000. Zaidi ya mara nne. Mwanajeshi alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi kutoka kwa kile alichorudi nacho kuliko kwa adui aliyemwacha kule. Sisi yetu ikoje? Hilo swali ndilo lingefaa kuandikwa kwa tisheti.

Si kwamba nchi imelala kabisa. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kile kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili, kinapingana na katiba. Hizo ni hatua. Lakini zote zinamuongelea raia. Askari anasimama kando anasikiliza kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine.

Sasa hayo matembezi

Je, kutembea kunasaidia chochote? Mwaka 1948 Mmarekani mmoja, Earl Shaffer, aliyepigana Pasifiki na kupoteza rafiki yake wa karibu Iwo Jima, alitembea njia yote ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,000, akisema anataka kuutembeza uanajeshi mpaka umtoke mwilini. Alikuwa mtu wa kwanza kujulikana kuimaliza njia hiyo kwa safari moja. Kwa hivyo naamini miguu ina la kufanya kwa kichwa. Lakini Shaffer alitembea yeye mwenyewe. Sisi tunataka kutembea kwa niaba ya mtu ambaye hatujamuuliza chochote, halafu twende zetu lanchi pale Blue Post.

Kwa hivyo ombi langu kwa yeyote atakayepanga, iwe ni kanisa, ni klabu, ni kaunti au ni jeshi lenyewe. Yapange katika zile siku tatu, kati ya tarehe 10 na tarehe 14 Oktoba, ili hizo tarehe mbili zijuane. Yaanze Kahawa yaishie Thika, pale A3 inapoanza, ni kama kilomita 25, tutaweza. Na pesa zitakazopatikana zisiishie kwa mahema na spika. Zilipe washauri wa akili ambao askari anaweza kuwaona bila faili kupitia kwa mkubwa wake, na ambao aliyestaafu na mke wake na watoto wake wanaweza kuwaona pia, hapa hapa karibu, bila kuvuka mji mzima mpaka hospitali ya jeshi kule Mbagathi. Yule mlango wa katikati ambao wazee walikuwa nao, tuujenge tena kwa namna ya leo. Na badala ya kelele za kaulimbiu, majina yasomwe. Yote ambayo familia zitakubali yasomwe. Kama serikali haitoi orodha, orodha ianze kwetu.

Na hiyo kazi haihitaji kungoja Oktoba. Muulize cucu au guka wako leo: kwetu kuna mtu alienda Kariokor? Kuna mtu alienda Burma? Kuna mtu wa anga alikamatwa 82? Kuna mtu alienda Somalia na hapendi kuulizwa? Kwa huyo wa mwisho usianze na maswali ya vita. Muulize kama analala vizuri, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.